Kaka, Wanakusifu kwa Ng'ombe Wangu

Kaka Paskali,

Sikuulizi hali. Nakupa tu za huku, kwa sababu zimenijaa na sina mwingine wa kumpa. Mama hajambo, isipokuwa goti linamsumbua asubuhi kukiwa na ukungu. Maharage ya nyumbani Nambis yamekubali mwaka huu. Kaburi lako tumelizungushia mawe, na yule ndama uliyempenda amekuwa mtamba, mkorofi kweli, anaruka ua. Hayo ndiyo mazuri.

Sasa sikiliza yanayonikera.

Wanakusifu, kaka. Kila ninakopita wanakusifu. Nikiingia hotelini hapa Katesh kunywa chai nakuta watu wameketi chini ya mlima Hanang niliouchora mimi ukutani, wananipa pole ya msiba, kisha wananiambia kwamba hatatokea tena mtu wa kuchora mlima vile. Naitikia asante. Nifanyeje?

Ungekuwa umeniibia, ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Lakini wewe hukuiba. Ulisema kweli tangu mwanzo, na wewe pia hawakukuamini.

Nakumbuka uliporudi kutoka Arusha na mkoba wako wa brashi. Ilikuwa wakati wa ruksa, maduka yanafunguliwa kila kona, na mtu akifungua hata kibanda cha chumvi na viberiti anataka jina lake juu ya mlango. Herufi ulizijua. Ulikuwa unavuta mstari bila rula, unasimama nyuma, unafumba jicho moja, unasema, "Huyu S ameshiba." Lakini picha hukuziweza. Kuku wako alikuwa kama buli la chai. Mimi ndiye niliyekuwa nikichora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya Mama tangu nachunga ndama, hadi Baba akawa ananifukuza kwa fimbo kwa kuchafua ukuta. Ukamwambia Baba, nipe Yuliana nikae naye Katesh. Baba akadhani unataka wa kukupikia. Nikaja na sufuria mbili, na siku ile ile ukanipa brashi.

Tangu hapo herufi zako, picha zangu. Ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia wateja: "Herufi ni mimi, picha ni huyu mdogo wangu." Nao wanacheka. Wanakupigapiga bega. Paskali una utani, wanasema. Wengine waliona unyenyekevu, wakakupenda zaidi. Ukirudia, wanacheka zaidi. Usiku ule uliponiambia, "Yuli, hawa watu hata nikila kiapo kanisani watasema nimetunga," tulicheka wote wawili. Wakati ule ilichekesha, kaka. Ulikuwepo.

Kisha ukaanguka pale mashine ya kusaga. Ngazi iliteleza kwenye pumba, mkono wako wa kulia ukavunjika mahali pawili, na yule mzee aliyekuunga mifupa kijijini aliunga vibaya. Vidole havikukunjika tena. Miezi yote iliyofuata mpaka ulipoondoka, herufi na picha zilikuwa zangu. Ulinifundisha ukiwa umeketi kwenye ndoo ya rangi, unachora hewani kwa mkono wa kushoto, unanisuta pale ambapo R yangu inachechemea.

Nenda nami kidogo Basotu, kwenye bucha ya Mzee Gwandu. Unamkumbuka yule ng'ombe. Mweusi mwenye baka jeupe tumboni, ameinamisha pembe, anageuza shingo kama ameitwa. Nilimchora nikiwa juu ya ngazi mbele ya umati wa siku za mnada, upepo wa ziwani unanijaza vumbi kwenye rangi mbichi. Wewe ulishika ngazi kwa mkono uliokuwa mzima. Uliuliza kwa sauti, "Yuli, huyo ng'ombe ananiangalia mimi au anamwangalia mwenye bucha?" Nikakwambia anamwangalia mwenye bucha, ana sababu. Mzee Gwandu akacheka hadi akaketi. Yeye alituletea chai na nyama ya kuchoma, akaona kila mstari ulivyoingia.

Lakini waliokuja wiki iliyofuata hawakuona. Tulikuwa tumerudi kumalizia jina la bucha. Wakasimama wanaume wawili wakasema huo ni mkono wa kiume, tazama msuli wa bega, mwanamke hawezi kujua nguvu ya dume. Ukawaonyesha mkono wako uliofungwa, umening'inia shingoni kwa kitambaa. Ukauliza, "Na huu je?" Wakatazamana. Mmoja akasema basi utakuwa ulichora kwa kushoto.

Kwa kushoto, kaka. Ilikuwa rahisi kwao kuamini hivyo.

Halafu kile kifua kilichokuondoa. Sitaki kuandika habari za hospitali, unazijua kuliko mimi. Nitakuambia tu usichokiona, siku ya kukuzika. Watu walijaa Nambis mpaka kwenye shamba la ngano la jirani. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, macho yamevimba kwa moshi na kwa wewe. Rafiki yako Mwalimu Lohay, yule mstaafu, ndiye aliyesimama kusoma habari za maisha yako. Alisoma vizuri, sauti ikikatika. Akataja kazi zako: Mchungaji Mwema wa kanisani, mlima wa hotelini, samaki wa duka la nyavu, na hasa, akasema, ng'ombe wa Basotu, ambaye hata wafugaji wanasimama kumtazama. Zote nne, kaka. Hakutaja bango hata moja la herufi. Ulivyozipenda herufi zako. Tukakosa wote wawili: mimi nikanyimwa picha zangu, wewe ukanyimwa herufi zako.

Niliweka mwiko chini. Mama akanishika kiwiko, akaniambia kwa Kiiraqw, taratibu, "Leo ni siku yake. Siku yako itakuja, utasema." Nikaokota mwiko. Nikachota ugali.

Nilidhani nikirudi Katesh kazi itasema yenyewe. Nisamehe, lakini huo nao ni usemi wa mtu aliyeshiba. Kazi haisemi. Kazi inasemewa.

Alikuja mwenye mashine ya kukamua alizeti kutafuta bango. Nilikuwa na mawili ukutani, la kwanza nililimaliza wewe ukiwa bado unakohoa chumba cha nyuma, la pili baada ya arobaini yako. Alizeti zote mbili, rangi kutoka kopo lile lile. Akasimama, akauliza yalichorwa lini, nikamwambia, akakunja mikono. Akasema hili la kwanza ni la marehemu, lina uzito, lina mamlaka. Hili la pili ni langu, ni zuri, limetulia, ila unaona tu ni mkono wa kike. Nikamwambia yote mawili nimechora mimi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. Akaniambia huzuni hufanya hivyo, hata mama yake alipofiwa alisema mambo. Akachukua lile la kwanza.

Tena si yeye peke yake. Mwenye saluni alisema tangu fundi afariki mkono umelegea. Mwenye duka la mbegu aliniuliza kama sina kazi ya Paskali iliyobaki stoo. Nikafika mahali najitazama vidole usiku, najiuliza kama kweli vimelegea. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira hasa, kwa sababu walikuwa wamenifikia hadi ndani.

Sasa nikupe kubwa. Umeondoka tukiwa bado hatujazoea kuitwa mkoa wa Manyara. Babati imekuwa makao makuu, na kila mji mdogo unataka kujipamba ili usionekane umeachwa nyuma. Hapa Katesh wamejenga ukumbi karibu na soko, una ukuta mpana unaoangalia barabara ya Singida. Kamati ikatangaza inataka picha ya wilaya yetu, wachoraji walete michoro. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Lohay. Nilifurahi. Nikasema huyu amekula ugali wangu miaka yote, ananijua.

Nilichora ng'ombe wakipanda kutoka ziwani jioni, mlima nyuma yao, na mbele kabisa mwanamke wa Kibarbaig amebeba kibuyu cha maziwa, amewageukia ng'ombe kuwaita. Nikaandika jina langu chini, Yuliana. Nikawaamkia wote shikamoo, nikaketi kwenye benchi nje ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Walisema picha ni nzuri. Kisha ikaanza ile "ila." Ila imechorwa kwa upole, na ukuta unahitaji nguvu. Ila mwanamke na kibuyu ni mambo ya nyumbani, na hii ni picha ya wilaya. Mmoja akasema ng'ombe ni laini laini. Tena aliyenichoma zaidi ni mwanamke pekee wa kamati, Mama Restituta, aliyenipenda tangu zamani na anayenipenda mpaka leo. Aliniita ndani, akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "ukuta ule ni mrefu. Nani atakushikia ngazi? Na ukiolewa katikati ya kazi?" Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Wakampa kazi kijana mmoja kutoka Singida, Athumani. Mchoro wake ulikuwa wa simba watatu juu ya jiwe, wanaunguruma. Simba, kaka, katikati ya Katesh, kwa watu wanaolima ngano na kufuga. Lakini ulikuwa na nguvu, walisema. Na Mwalimu Lohay akampa shauri moja tu: aongeze ng'ombe, na kabla hajaanza aende Basotu akamwangalie ng'ombe wa marehemu Paskali, awachore vile vile.

Nilikuwa nimerudi kwenye benchi. Nilicheka, kaka. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Athumani alikwenda kweli. Ni kijana mwenye adabu. Alikaa mbele ya bucha, akamnakili yule ng'ombe mara nyingi, kila mara anatoka mbwa. Akamuuliza Mzee Gwandu fundi alikuwa anaanza wapi, kichwa au mgongo. Mzee Gwandu akamjibu akamuulize fundi mwenyewe, yuko Katesh, ni binti, anaitwa Yuliana. Siku ya pili Athumani alikuwa mlangoni kwangu, kofia mkononi. Hakubishana. Alitazama zile karatasi za michoro kwenye meza yangu, akatazama mikono yangu, akasema, "Dada, nimepewa kazi yako."

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu Lohay. Akaeleza mwenyewe. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasugua miwani, akasema basi vizuri, Yuliana amsaidie Athumani kwenye ng'ombe. Jina libaki la Athumani, kwa kuwa kamati imekwisha kuandika.

Nikamwambia sitaki. Nilisema kwa heshima, shikamoo yake iko pale pale, lakini nilisema sitaki. Ng'ombe wangu wamechungwa na jina la mtu mwingine muda wa kutosha. Nikatoka.

Siku ya mnada iliyofuata nilipanda gari la Basotu na ngazi yako, kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilimwomba Mzee Gwandu ruhusa, akaniambia ukuta ni wake na ng'ombe ni wangu. Nikapanda, nikaanza kuandika jina langu chini ya kwato.

Sikufika mbali. Watu walianza kukusanyika, wafugaji na fimbo zao, wauza mitumba, wanawake wa nyanya. Mtu mmoja akauliza kwa nini naharibu kazi ya marehemu. Mwingine akasema ndugu wakifiwa tamaa huingia. Sauti zikapanda. Nilikuwa juu, nageuka nawaona vichwa tu, na nikaogopa kaka, nakiri, maana nikikuita wewe ushike ngazi hupo.

Ndipo nikamwona Mwalimu Lohay akipenya. Alikuja kununua dume. Hakunikemea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli. "Yuliana," akasema, "shuka. Mwache mwenzako apumzike. Usimvue nguo kaburini."

Kama angenitukana ningejibu. Lakini kuambiwa kwamba mimi ndiye ninayekuvua nguo. Mimi niliyekuosha kile kifua kwa kitambaa cha maji ya moto.

Mzee Gwandu akatoka bucha, aproni ina damu, akasimama chini ya ngazi yangu. Akawaambia watu kwamba aliyechora ng'ombe huyu alikuwa juu pale pale niliposimama, na yeye alimpelekea chai kwa mkono wake. Paskali alikuwa chini, mkono umefungwa. Asiyeamini amuulize mke wa Mzee Gwandu, aliyefua nguo zangu zilizojaa rangi.

Mwalimu akatazama ng'ombe, akanitazama. "Mbona Paskali mwenyewe hakusema?" akauliza.

"Alisema, Mwalimu," nikamjibu. "Alikwambia wewe. Umeketi kwetu, unakula. Ukacheka."

Niliona anakumbuka. Inatokea usoni, kaka, mtu anapokumbuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani ni utani. Kisha akasogea, akashika ngazi. Hakuomba radhi, wala sikumngoja. Niligeuka ukutani nikamalizia jina.

Usifikiri dunia imegeuka. Kamati ilikutana tena. Mwalimu Lohay alizungumza kwa muda mrefu, Athumani naye akasema bila mimi hachori ng'ombe hata mmoja. Wakaugawa ukuta: nusu yake, nusu yangu, kila mtu na jina lake. Wakaweka sharti, la Mama Restituta hilo, kwamba awepo mwanaume wa kunishikia ngazi. Basi Athumani alinishikia mimi asubuhi, mimi nikamshikia yeye mchana. Kwake nimejifunza kugawa ukuta mkubwa kwa miraba ya chaki, ili mlima usiinamie upande mmoja. Hilo wewe hukulijua, wala mimi. Ng'ombe wake wamepona, hawawi mbwa tena. Simba hakukubali kuwatoa.

Mwanamke wangu na kibuyu yuko pale, mkubwa kuliko mlango. Wanawake wa Kibarbaig wakija sokoni wanasimama mbele yake wanabishana ni wa ukoo gani. Mmoja aliniambia mshipi wake nimeukosea. Kesho yake nilipanda nikaurekebisha. Nilifurahi, kaka, huwezi kujua. Ni mtu wa kwanza kunikosoa kwa kosa nililofanya kweli.

Na wiki iliyopita alipita bwana mmoja wa ofisini, tai shingoni, akasimama muda mrefu. Akasoma jina. Akageuka akaniambia, "Hongera sana. Kaka yako alikufundisha vizuri."

Nilitaka kumtupia kopo.

Lakini nilipofika nyumbani nikafikiri: ulinifundisha, ndiyo. Jina lile alilolisoma, zile herufi, ni mkono wako. Hakuna inayochechemea tena. Basi nilimkimbilia, sikutaka alale na kosa. Nikamkuta kituo cha mabasi, nikamwambia, "Picha nilizaliwa nazo. Herufi ndizo alizonifundisha." Alishangaa, basi likaondoka naye akiwa dirishani, sijui alielewa nini. Nimechoka kujua nani ameelewa.

Nimalizie. Mama anakusalimu. Sasa wageni wakija huwaonyesha ule ukuta wa nyumba wenye mkaa, uliobaki nyuma ya ghala, anawaambia ni wa binti yake, hata kama hawajauliza. Baba angekuwepo angemshangaa.

Nakuahidi mambo mawili. Picha yangu haitatoka tena mlangoni bila jina langu, hata ikiwa ya kuku kwenye kibanda cha chipsi. Na mabango yako ya zamani, yale ya herufi tupu ambayo hakuna aliyeyataja siku ya kukuzika, nimeanza kuyapitia. Jua limeyachujua. Lile la duka la dawa nimelirudia rangi juzi, mstari juu ya mstari wako, sikusogeza hata kidogo. Chini yake nimeandika jina lako peke yake.

Lala, kaka. Ukisifiwa kwa hilo, pokea, ni lako.

Mdogo wako,
Yuliana
Katesh